Sheria za Robota

Somo letu la leo lahusu jambo ambalo wengi wetu hulisikia likipita masikioni bila ya kulishika, nalo ni namna Bunge linavyoyachukua mambo mengi yasiyokuwa na ujamaa, likayafunga katika mswada mmoja, kisha likayapigia kura kwa mara moja. Wanasheria wana majina yao ya kuliita jambo hili. Sisi tutaliita sheria ya robota, kwani watu wa mji wetu wajua robota ni nini. Mfanya biashara wa mitumba hulinunua lingali limefungwa. Hulipa bei moja kwa vyote vilivyomo, na anapolikata dukani mwake akaona kwamba chini ya makoti mazuri mmejazwa matambara, hana wa kumrudishia. Lakini yeye angalau ameikubali hatari hiyo kwa khiyari yake, na khasara ni yake peke yake. Sheria haiko hivyo. Anayelifunga robota ni mmoja, anayelinunua ni mwengine, na anayevikwa matambara ni raia ambaye hata sokoni hakuwako.

Hatusemi kwamba kila mswada wenye mambo mengi ni mbaya. Jina la wizara likibadilika, au kosa la chapa likaonekana katika sheria kumi, hapana akili ya kutunga miswada kumi kwa kusahihisha neno moja. Kwa ajili hiyo Kenya ina ada ya kupitisha miswada ya marekebisho mbali mbali ya sheria, na ada hiyo asili yake ni njema. Tunalolizungumza ni pale ambapo mlango uliofunguliwa kwa kupitisha sindano hupitishwa ngamia.

Wenye kusoma fiqhi ya madhehebu ya Imamu Shafii hawatalistaajabia jambo hili, kwani wamelikuta katika mlango wa biashara. Mtu akiuza kwa neno moja na kwa bei moja siki yake pamoja na pombe, hukumu yake ni ipi? Kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ni kwamba mapatano hayo hupambanuliwa: uuzaji wa siki wasihi, na uuzaji wa pombe wabatilika. Wala wanavyuoni hawakuishia hapo. Walisema pia kwamba mnunuzi, iwapo alikuwa hajui, ana khiyari: akitaka atakishika kile kilichosihi, na akitaka atayavunja mapatano yote. Msomaji na ayashike mambo mawili haya, kwani tutayahitaji mbele: kwamba kuchanganya hakukihalalishi kisichokuwa halali, na kwamba aliyefichwa ana haki ya kurudi nyuma. Mahakama zetu za leo hulifanya lile la kwanza, nazo hulifanya vizuri mara nyingi. La pili halina wa kulifanya.

Na tuchukue mfano ulio karibu na milango yetu. Katika siku ya mwisho ya mwaka 2018, yaani Disemba 31, Rais alitia sahihi Sheria ya Marekebisho Mbali Mbali, sheria nambari 18 ya mwaka huo. Kwa jina lake mtu angedhani ni kazi ya fundi wa kuziba viraka. Lakini ndani yake, kati ya marekebisho ya sheria nyengine zisizohusiana, mlikuwa na mabadiliko ya sheria ya kuandikisha watu, na kwa mabadiliko hayo ndiko kulikozaliwa daftari jipya la taifa, lile lililokuja kujulikana kwa jina la Huduma Namba. Sheria hiyo iliipa Serikali ruhusa ya kuchukua kwa kila mtu alama za vidole, umbo la kiganja na la ndewe la sikio, mboni ya jicho, mawimbi ya sauti, na hata vinasaba vya mwili, yaani DNA. Na juu ya hayo kuandika kwa mitambo ya setilaiti mahali nyumba yake ilipo. Ilianza kutumika Januari 18, 2019, na katika mwezi wa Machi watu walikuwa wamekwisha pangwa foleni kuandikishwa.

Twauliza: ni nani katika Mombasa, Lamu au Malindi aliyejua mwaka 2018 kwamba jambo kubwa namna hii lajadiliwa? Mambo ya vitambulisho si madogo kwetu. Kuna Wabajuni, Waarabu, Wapemba na Wanubi waliozaliwa nchi hii, na wazee wao wakazaliwa nchi hii, ambao kwa miaka mingi waliambiwa walete cheti cha babu kabla ya kupewa karatasi ambayo jirani yao aliipata kwa siku chache. Lau mswada ungelikuja peke yake, ukiitwa kwa jina lake, Mswada wa Daftari la Watu, kila msikiti na kila baraza lingeuzungumza, na mtu angeuliza: na yule ambaye hana kitambulisho tangu hapo, daftari hili litamweka wapi? Swali hilo halikuulizwa Bungeni kwa sauti iliyostahiki, kwa sababu jambo lenyewe lilipita limevaa nguo za mengine.

Liliulizwa baadaye, mahakamani. Jumuiya ya kutetea haki za Wanubi pamoja na wenzao walishitaki, na Januari 30, 2020 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakatoa hukumu. Vifungu vya kuchukua DNA na vya kuandika mahali pa nyumba vikabatilishwa, na Serikali ikaambiwa kwamba haitaendelea na daftari mpaka kwanza iwepo kanuni kamili ya kuliongoza. Sheria ya kuhifadhi habari za watu ilikuja kutiwa sahihi mwezi wa Novemba 2019, yaani baada ya mamilioni ya watu kwisha kutoa vidole vyao. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ikasema tena kwamba kadi zilitolewa bila ya kupimwa kwanza madhara yake kwa siri za watu, kama sheria hiyo ilivyotaka. Basi tazama gharama ya robota moja: kesi, miaka, fedha za Hazina, na watu waliotoa khabari za miili yao kwa sheria ambayo sehemu yake haikuwa sheria.

Huenda mtu akasema: hiyo ndiyo kazi ya mahakama, na mahakama ilifanya. Twamjibu kwamba mahakama huja baada ya mtu kuumia, na huja kwa yule tu aliyeweza kushitaki. Tena hakimu hupima kama kifungu chapingana na Katiba. Hapimi kama ni kifungu cha busara, wala hawezi kuuliza kama watu walikitaka. Kuna mambo mengi ya kipumbavu ambayo hayavunji Katiba. Mahali pa kuyazuia hayo ni Bungeni, na katika Bunge chombo cha kuzuilia ni kimoja: mbunge aweze kukikubali hiki na kukikataa kile. Kweli kamati yaweza kupendekeza kifungu kitolewe, na mara nyengine hufanya hivyo. Lakini kwenye kura ya mwisho, mswada wote husimama pamoja au huanguka pamoja. Na mbunge akirudi kwa watu wake akaulizwa, ana jawabu tayari: mimi nilipigia kura barabara, sikupigia kura kile. Mwenzake aliyeukataa mswada naye huambiwa: wewe ulikataa barabara. Hapo kura haina maana tena, kwani haijulishi mtu alitaka nini. Na ikiwa hatuwezi kujua mbunge wetu alitaka nini, kwa kitu gani tutamhesabu baada ya miaka mitano?

Robota hufungwa kwa wepesi zaidi wakati wa hofu. Novemba 22, 2014 watu 28 waliuawa katika basi karibu na Mandera, na Disemba 2 wakauawa wengine 36 katika machimbo ya mawe. Nchi ilikuwa na majonzi na ghadhabu, na ilikuwa na haki. Katika mwezi huo huo ukaletwa mswada wa usalama uliobadilisha sheria 22 kwa mara moja. Ulipitishwa Disemba 18 katika ghasia na vurumai ndani ya ukumbi wa Bunge, na kesho yake ukatiwa sahihi. Mlikuwemo mambo ya polisi na ya upelelezi, ambayo labda yalihitajiwa. Lakini mlikuwemo pia kifungu kilichosema kwamba wakimbizi katika Kenya wasizidi 150,000, ilhali waliokuwako walikuwa wengi mara kadhaa kuliko hao. Na kifungu cha kumfunga au kumtoza faini ya hata shilingi milioni 5 mtu aliyechapisha khabari za kutia watu hofu. Februari 23, 2015 majaji watano waliviondoa vifungu 8, na hivi viwili vikiwa miongoni mwao. Vilivyobakia vikasimama. Katika siku zile mbunge aliyesema kifungu cha wakimbizi si cha haki alikuwa kama aliyesema hajali damu ya waliouawa, kwa sababu vyote viwili vilikuwa katika karatasi moja. Sisi Waislamu wa pwani, ambao watoto wetu ndio wa kwanza kusimamishwa njiani sheria hizi zinapotumika, twapaswa kulijua hilo kuliko wengine.

Kadhalika miswada ya fedha. Katiba yetu, kifungu cha 114, imeeleza mswada wa fedha ni nini: kodi, matumizi ya fedha za umma, mikopo, na yale yanayoambatana na hayo. Imeeleza kwa sababu mswada wa namna hii haupelekwi katika Baraza la Seneti, ambalo ndilo kaunti zetu zina sauti ndani yake. Basi mtu akitaka jambo lisionwe na Seneti, njia nyepesi ni kulitia katika mswada wa fedha. Katika Sheria ya Fedha ya 2023 yalitiwa mambo ya sheria ya barabara, ya mali zisizodaiwa na wenyewe, na ya kanuni zinazotungwa na mawaziri. Na Novemba 28, 2023 Mahakama Kuu ikasema kwamba hayo hayakuwa mambo ya mswada wa fedha. Kesi ikapanda juu. Julai 31, 2024 Mahakama ya Rufaa iliibatilisha sheria yote tangu mwanzo hata mwisho. Oktoba 29 ya mwaka huo Mahakama ya Juu ikautengua ubatilisho huo wa sheria nzima. Mwenye duka wa Majengo aliyelipa kodi muda wote huo alikuwa akilipa kwa sheria ambayo leo ni sheria, kesho si sheria, kesho kutwa ni sheria tena. Huo si utawala wa sheria, hata kama kila hakimu alihukumu kwa insafu.

Na wa mwaka 2024 twaukumbuka wote. Watu walizungumza mkate, ambao ulikuwa utozwe kodi ya asilimia 16, na magari, ambayo yalikuwa yatozwe asilimia 2.5 ya thamani yake. Ni wachache waliofika chini ya robota, ambako mlikuwa na pendekezo la kuipa idara ya kodi njia ya kuzipata khabari za watu bila ya kuzuiliwa na ile sheria ya kuzihifadhi. Kodi ya mkate na ya magari zikaondolewa na kamati. Juni 25 mswada ukapita kwa kura 195 dhidi ya 106, vijana wakaingia Bungeni, kukamwagika damu, na kesho yake Rais akasema hatatia sahihi, na mswada wote ukaanguka, mema yake na maovu yake. Baadhi ya mambo yake yalirudi mwezi wa Disemba katika sheria nyengine za marekebisho, wakati ambapo macho ya watu yalikuwa kwengine. Sisi twaona kwamba nchi ambayo raia wake hawana njia ya kusema "hiki ndiyo, kile siyo" huwasukuma kusema "siyo" kwa yote, na kuisema njiani.

Maradhi haya si mapya, wala si ya Kenya peke yake. Warumi walikuwa nayo kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Waliiita sheria ya namna hii kwa jina la mchanganyiko, na mwaka 98 kabla ya miladi walitunga sheria ya kukataza mambo yasiyohusiana yasipelekwe kwa watu kwa kura moja. Tena wakalazimisha kupite muda maalumu baina ya kutangazwa mswada na kupigiwa kura. Wayaona mambo mawili waliyoyaunganisha: kitu kimoja, na muda wa kukisoma. Huko Marekani, sehemu kubwa ya majimbo yameandika katika katiba zao kwamba sheria iwe na jambo moja, nalo litajwe katika jina lake. Bunge lao kuu halina kanuni hiyo, na Disemba 2020 lilipitisha sheria ya kurasa 5,593 siku ile ile iliyoletwa mbele yake. Hapana mwanadamu aliyeisoma.

Sasa tufike penye uzito. Kura ya maoni nayo ni robota. Mswada wa kubadilisha Katiba wa mwaka 2020, ule wa maridhiano, ulikuwa na mabadiliko 74. Ulitaka kaunti zipate asilimia 35 ya mapato badala ya 15, jambo ambalo mtu wa pwani angelipenda. Ulitaka majimbo ya uchaguzi yatoke 290 yafike 360. Ulitaka kuwe na Waziri Mkuu. Mpiga kura angeulizwa swali moja tu. Mei 13, 2021 Mahakama Kuu ilisema, pamoja na sababu nyengine za kuusimamisha, kwamba kila badiliko lapaswa kuulizwa peke yake. Mahakama ya Juu, Machi 31, 2022, ilisema wakati wa kulihukumu jambo hilo haujafika. Kwa hivyo jawabu la mwisho halijatolewa, na siku ya kutakiwa itakuja.

Lakini msomaji mwenye kumbukumbu atatushika hapa. Atasema: Agosti 4, 2010 Katiba yenyewe ilipigiwa kura kwa swali moja, na ndani yake mlikuwa na Mahakama za Kadhi. Mwezi wa Mei wa mwaka huo huo majaji watatu wa Mahakama Kuu walikuwa wamesema kwamba mahakama hizo hazistahiki kuwamo katika Katiba, na viongozi wengi wa makanisa walikuwa wakiwahimiza watu wao waikatae Katiba kwa ajili yake na kwa mengine. Lau Wakenya wangeulizwa peke yake, "mwataka Kadhi au hamtaki?", je, Kadhi angesimama? Watu zaidi ya milioni 6 walisema ndiyo kwa Katiba nzima. Hatujui wangapi wao walisema ndiyo kwa kifungu cha 170. Basi vipi leo tunalilaani robota ambalo jana lilitubeba?

Hili ni swali la haki, na hatutalikimbia. Kweli, lilitubeba. Wala hatusemi kwamba lingekuwa jambo jema kuiweka ndoa na mirathi ya watu wachache mbele ya kura ya walio wengi. Haki ya wachache haipigiwi kura kama bei ya sukari. Lakini tazama tofauti. Katiba mpya ni nyumba nzima: huwezi kupigia kura ukuta ukaacha paa. Na Kadhi hakufichwa ndani yake. Jambo lake lilizungumzwa tangu mkutano wa Bomas wa 2003 na 2004, likazungumzwa katika kura ya 2005 ambayo watu waliikataa, likazungumzwa makanisani, misikitini na magazetini mpaka watu wakachoka. Aliyesema ndiyo alijua, na aliyesema siyo alijua. Yule mnunuzi wetu wa siki alipewa khiyari kwa sababu hakujua, aliyejua hana. Ubaya tunaoukataa ni wa kutia jambo penye giza, na wa kulifunga jambo geni katika jambo linalopendwa ili lipite kwa mgongo wake. Na hili pia tuliseme wazi: walio wachache ndio wanaohitaji zaidi kanuni ya jambo moja kwa sheria moja. Aliye na wabunge mia hana haja ya kusoma kila ukurasa, kwani wapo wa kumsomea. Jamii iliyo na wabunge wachache hujua limfikalo siku askari anapolitumia.

Tufanye nini? Kila mswada una mwishoni mwake maelezo ya makusudio na sababu, yenye sahihi ya aliyeuleta. Mtu na aanze hapo, kwani ndipo panapotajwa kila sheria inayoguswa. Akiona sheria za wakimbizi, vitambulisho, ardhi au wakfu zimetajwa katika mswada wenye jina la fedha au la marekebisho mbali mbali, hapo asimame. Kifungu cha 118 cha Katiba kinalilazimisha Bunge kuwashirikisha wananchi, na barua kwa Karani wa Bunge hailipiwi ada. Barua isiseme "twaukataa mswada", maana hilo hutupwa pamoja na mengine. Iseme kifungu nambari fulani kitolewe kiletwe peke yake, na sababu zake ni hizi. Miswada huwekwa katika mtandao wa Bunge, na kijana yeyote mwenye simu aweza kuwasomea wazee barazani. Ule wa fedha hufika Bungeni kila mwaka kabla ya kwisha Aprili, na hupitishwa kabla ya kwisha Juni.